Kuvua kwa Chambo Bandia Ukiwa Nchi Kavu: Mwongozo wa Anayeanza na Vifaa Vyepesi

Siku yangu ya kwanza nilitupa kama mara mia mbili bila kuguswa na chochote. Nilikuwa kwenye miamba ya Oysterbay, Dar es Salaam, mbele kidogo ya wauza mihogo wa Coco Beach, na fimbo mpya iliyokuwa bado inanukia duka. Pembeni alikaa mzee mmoja juu ya ndoo, mshipi wake wa mkono umezungushwa kwenye chupa ya plastiki. Nilikuwa nimemwamkia, akaitikia marahaba, halafu akanitazama muda mrefu bila neno.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "hicho kibati kinavua?"

Nikamweleza kwamba majini kinacheza kama kibua. Akacheka. "Hata kibua mwenyewe saa hizi hatembei. Maji yamelala. Kaa chini."

Nikaona aibu kukataa, nikakaa. Yeye hakuwa ametia hata chambo. Baada ya muda povu lililokuwa limeganda kwenye mwamba likaanza kusogea upande wa kusini, polepole, kisha kwa kasi. Mzee akakung'uta mchanga kwenye mikono, akachukua chupa yake. "Haya, tupa sasa." Mtupo wa tatu nikashika kolekole wa saizi ya kiganja.

Nimenunua vitu vingi tangu siku ile, na vingi havikuwa na kazi. Ukitaka kuanza uvuvi huu, nusu ya mwongozo huu inahusu vifaa kwa sababu lazima uwe navyo. Ila ikibidi kuruka sehemu, usiruke ile ya maji.

Unamfuata nani

Chambo bandia ni cha samaki anayekimbiza wenzake. Kwenye pwani yetu, wa kwanza kukujia ukiwa umesimama ukingoni ni kolekole mdogo, pandu, mzia wa urefu wa mkono, na chewa wadogo wanaojificha kwenye mawe. Changu hushika mara moja moja, hasa chambo kikipita karibu na chini. Ngisi naye huja usiku penye taa, lakini ana ndoana zake za kipekee na hiyo ni mada nyingine.

Mkizi usimngoje. Anakula mwani na uchafu wa matopeni, na unaweza kumpitishia chambo puani asigeuke. Lakini mwangalie sana. Mkizi mmoja akiruka peke yake, anajifurahisha. Wakiruka kundi zima kuelekea upande mmoja, kuna mtu nyuma yao, na huyo ndiye wako. Tupa mbele ya kundi, si katikati.

Nikisema vifaa vyepesi nina maana ya vyambo vya gramu 5 hadi 20 hivi. Samaki wengi wa ukingoni ni wa robo kilo hadi kilo moja na nusu, na kwa fimbo nyepesi kolekole wa nusu kilo anakutoa jasho. Kwa fimbo nzito ya kuvulia nguru huyo huyo ungemvuta kama soksi iliyolowa.

Fimbo, rili, mshipi

Tafuta fimbo ya mita 2.1 hadi 2.4 ya vipande viwili, kwanza kwa sababu inatupa mbali vya kutosha, pili kwa sababu inaingia kwenye daladala bila kugombana na kondakta. Juu ya mshikio pameandikwa namba kama 5–21 g au 7–28 g. Huo ni uzito wa chambo ambacho fimbo imetengenezwa kurusha. Usiuchukulie kama pendekezo, maana ukitupa gramu 40 kwa fimbo ya gramu 21 utaisikia ikilia, na siku moja haitalia tena.

Ukinunua ya mtumba, chukua kipande kidogo cha pamba ukipitishe ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utakata mshipi wako nyuzi kwa nyuzi bila kukuaga. Rili, yaani kile kifaa cha kukunjia mshipi, izungushe taratibu ukiwa umeitega sikioni. Mchanga una sauti yake na huwezi kuukosea.

Rili iwe ile ya kawaida yenye bobini inayotazama mbele na kiwaya kinachofunguka kuachia mshipi, saizi ya 2500 au 3000. Kubwa zaidi inachosha mkono bure.

Mshipi bora kwa kazi hii ni wa kusuka, unene wa 0.8 au 1.0 kwa zile namba za Kijapani zinazoandikwa PE. Ni kama milimita 0.15 au 0.16, mwembamba kama uzi wa cherehani, lakini unabeba kilo saba au zaidi. Faida yake ni mbili: wembamba unaupeleka mbali, na kwa kuwa hauvutiki, samaki akigusa chambo mita arobaini mbele unamsikia kidoleni kana kwamba amekugonga bega. Mita 150 zinatosha. Kama mfuko haujaruhusu, weka nailoni ya kilo 4 au 5. Watu wamevua na nailoni miaka yote, na inasamehe makosa mengi ya anayejifunza.

Mshipi wa kusuka una ugomvi na vitu viwili. Kwanza, unateleza kwenye bobini ya chuma. Ukiufunga moja kwa moja, siku samaki akivuta bobini nzima ya mshipi itazunguka kama pia na utabaki unashangaa. Anza na mita kumi au ishirini za nailoni, kisha uunganishe. Jaza mpaka zibaki kama milimita mbili kufikia ukingo. Ukipungua sana hautupi mbali, na ukizidi unamwagika kama tambi. Pili, unakatwa na mwamba ukiguswa tu. Ndiyo maana mbele tunaweka kipande cha nailoni nene au fluorokaboni (aina ya mshipi mgumu) cha kilo 9 hadi 11, urefu wa pima moja. Penye mzia wengi panda hadi kilo 14 au 18, maana meno yao hayana mjadala.

Fundo moja, kazi mbili

Kuna mafundo mengi mazuri. Jifunze fundo moja vizuri, maana linafanya kazi zote mbili.

Kufunga chambo: pitisha ncha ya mshipi kwenye tundu, irudishe sambamba na mshipi wenyewe kama sentimita kumi na tano. Igeuze ncha itengeneze kitanzi juu ya nyuzi zote mbili, kisha iingize ndani ya kitanzi ukizizungushia nyuzi hizo mara tano. Lowesha kwa mate. Vuta ncha fundo likaze, halafu vuta mshipi fundo liteleze hadi kwenye tundu. Kata kipande kinachobaki.

Kuunganisha mishipi miwili: ilaze ikielekeana, ncha zikipishana kama shubiri. Kwa ncha ya kwanza fanya fundo lile lile juu ya mshipi wa pili, na kwa ncha ya pili fanya vivyo hivyo juu ya wa kwanza. Nailoni izungushe mara tano, wa kusuka mara nane kwa sababu unateleza. Lowesha yote, vuta mishipi mikuu pande mbili, mafundo yakutane katikati na kukaza.

Mate si mapambo. Nailoni ikikazwa kavu inaungua kwa msuguano na inapoteza nguvu hapo hapo kwenye fundo. Fanya mazoezi nyumbani kwenye kiti, hadi uweze gizani. Alfajiri, mikono imelowa na samaki wanaruka mbele yako, si saa ya kujifunza.

Mwisho wa mshipi weka klipu ndogo, ili ubadilishe chambo bila kufunga upya kila mara.

Vyambo vinne vinatosha

Duka litakuonyesha ukuta mzima wa rangi. Chukua hivi, na uchukue viwili viwili kwa sababu mwamba nao unakula:

Kijiko au chuma cha gramu 15, rangi ya fedha. Kinaruka mbali hata upepo ukiwa usoni, hakivunjiki, na kinafanana na vibua na dagaa wanaozagaa pwani nzima. Ningeambiwa nibaki na kimoja tu maisha yangu yote, ni hiki.

Kisamaki cha mpira laini cha sentimita saba au nane, pamoja na kichwa cha risasi chenye ndoana, gramu 7 na gramu 10. Hiki ni cha chewa na changu, kinapita chini taratibu. Tatizo lake ni bunju, ambaye anakuja kimya kimya na kukata mkia safi kama kwa mkasi. Ukipandisha visamaki viwili mfululizo visivyo na mkia, hama. Hapo umefika nyumbani kwao.

Kisamaki kigumu cha plastiki chenye kijisahani mdomoni, sentimita saba hadi tisa, kinachotikisika kikivutwa. Na cha mwisho, chambo cha juu ya maji chenye mdomo uliobonyea, ambacho kinapiga chubwi kila unapotikisa ncha ya fimbo. Hicho ni kwa alfajiri na magharibi, maji yakiwa shwari. Kinakosa samaki wengi kuliko kinavyoshika, lakini ukiona kolekole anapasua maji nyuma yake utasahau kulala.

Kabla hujachagua saizi, pita soko la samaki asubuhi, Feri kwa wa Dar, uangalie vibua na dagaa walioshushwa wana urefu gani wiki hiyo. Chambo chako kikaribiane nao. Na kabla hujatumia chambo kipya, kibane kwa plaizi kile kijino cha kila ndoana kilale. Utapoteza samaki wachache. Siku ndoana ikiingia kwenye kidole chako mwenyewe utanikumbuka kwa wema.

Maji

Sasa tufike pale mzee aliponikalisha chini.

Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kiasi cha saa sita na ushei kati ya kujaa na kupwa. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo na siku chache baada yake, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa Dar hupita mita tatu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti inapungua sana na bahari inakuwa kama imechoka.

Samaki anayewinda hapendi kazi ya bure. Maji yakitembea, yanabeba wadogo, yanawasukuma kwenye kona na juu ya mawe, naye anasimama sehemu moja akingoja. Maji yakisimama, kila mtu anapumzika. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kutoka nyumbani ni moja: nikifika, maji yatakuwa yanaelekea wapi?

Jambo hili halimo kwenye video za Wajapani wala Waaustralia, kwa sababu ni la kwetu. Katika pwani ya Dar na Unguja, siku ya mwezi mpevu na ya mwandamo maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni na dakika zake, na hupwa saa nne hadi saa tano asubuhi. Ndiyo maana akina mama wa mwani huwaona wako mbali kwenye mchanga katikati ya asubuhi siku za bamvua. Kila siku inayofuata maji yanachelewa, kwa wastani kama dakika hamsini, na karibu na bamvua ni pungufu kidogo ya hapo. Hesabu mwenyewe: siku ya tatu au ya nne baada ya mwezi mpevu, maji yanajaa jua likichomoza na tena jua likizama. Mwanga mdogo, maji mengi, mkondo bado una nguvu, vyote kwa wakati mmoja. Mimi siku hizo huziandika kwenye kalenda ya jikoni, na nyumbani wameshazoea kwamba hakuna harusi nitakayohudhuria mapema.

Mwezi ukiwa nusu inageuka: maji yanajaa saa nne asubuhi jua likiwa kali, na alfajiri unakuta yamekupwa. Siku hizo lala.

Jedwali la maji linapatikana kwa simu. Litumie, lakini andika pia kwenye daftari saa uliyoshika, maji yalikuwaje na mwezi ulikuwa wa ngapi. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakuwa na thamani kuliko fimbo.

Kwa ukingo wenye mwamba, saa mbili za mwisho za maji kujaa na saa moja ya kwanza ya kupwa ndizo zangu. Kwa mdomo wa mto au mkono wa bahari wenye mikoko, kama Mtwapa na Kilifi kule Kenya, kinyume chake: maji yakipwa yanawatoa dagaa na kamba waliokuwa wamejificha kwenye mizizi, na wakubwa wanapanga foleni mlangoni.

Upepo nao una zamu yake. Kusi ikishika, hasa Juni na Julai, bahari inachafuka na wimbi linapiga ukingo wazi; tafuta upande uliojikinga. Kaskazi ina siku zake nzuri asubuhi kabla upepo haujaamka. Katikati ya misimu hiyo miwili, bahari inapotulia, ndipo anayeanza ajipange kuanza.

Simama wapi

Nenda kwanza bila fimbo, maji yakiwa yamekupwa kabisa siku ya bamvua. Bahari imejivua nguo, itazame. Mfereji kati ya mawe, shimo lenye kina, mahali mwamba unapoishia na mchanga kuanza: vipige picha, ukiwa na alama nchi kavu, mnazi huu au nguzo ile. Saa sita baadaye vyote vitakuwa chini ya maji na wewe peke yako utajua vilipo.

Ukuta wa bahari nao ni mahali pazuri pa kujifunzia, kwa sababu una kina hata karibu na miguu na huna haja ya kuingia majini. Usitupe kila mara mbali mbele yako. Tupa sambamba na ukuta pia. Samaki wengi wanatembea umbali wa hatua tatu kutoka ulipo, na wageni wanawaruka kila siku.

Kutupa

Acha chambo kining'inie sentimita arobaini kutoka ncha ya fimbo. Nasa mshipi kwa kidole cha shahada, fungua kiwaya. Geuka utazame nyuma. Kila mara, hata kama una uhakika. Nimemvua kofia mpita njia, na nilishukuru Mungu kuwa ilikuwa kofia.

Peleka fimbo nyuma ya bega, isimame kidogo ncha ipinde kwa uzito wa chambo, kisha ilete mbele kwa mikono miwili: wa juu unasukuma, wa chini unavuta kuelekea kifuani. Fimbo ndiyo inayorusha, si misuli. Achia kidole ncha ikiwa inaelekea juu kidogo ya upeo wa bahari. Chambo kikienda angani umeachia mapema. Kikijibamiza mbele ya miguu umechelewa.

Kabla chambo hakijagusa maji, zuia mshipi kidogo kwa kidole ili unyooke. Funga kiwaya kwa mkono, usizungushe kishikio kikajifunga chenyewe. Kisha inua ncha mpaka usikie uzito, ndipo uanze kuvuta. Hatua hiyo ndogo ndiyo dawa ya yale mafundo ya ajabu yanayotokea bobini mtupo wa kumi. Mshipi uliolegea ukizungushwa juu ya bobini hutoka kwa mafungu.

Kukipa chambo uhai

Chuma: kiache kizame ukihesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka mshipi ulegee, maana yake kimegusa chini. Ikiwa ulifika sita, mara nyingine anza kuvuta ukifika nne, usinase kwenye mawe. Vuta haraka, tikisa ncha, simamisha sekunde moja, endelea. Samaki wengi hushika chambo kinaposhuka, kwa hiyo mshipi ukilegea kabla ya hesabu yako, au ukijisogeza pembeni, usifikiri. Zungusha.

Mpira laini: gusa chini, inua ncha polepole kama unanyanyua kifuniko cha sufuria usimwamshe mtu, shusha ukifuatana na mshipi. Rudia.

Ukiona kivuli kinafuata chambo, mwili wote utakuambia upunguze kasi umsubiri. Usiutii. Kibua anayekimbizwa hapunguzi mwendo. Ongeza kasi, na kolekole atafanya uamuzi. Endelea kuvuta mpaka chambo kitoke majini, maana wengi wanashika mita mbili za mwisho, pale ambapo tayari umeanza kufikiria mtupo mwingine.

Mitupo kumi na tano sehemu moja bila kitu, songa hatua ishirini. Chambo usikibadilishe kwanza. Badilisha mahali.

Akishika

Breki ya rili, ile inayobana bobini isiachie mshipi ovyo, iwekwe nyumbani, si wakati wa vita. Pitisha mshipi kwenye pete zote, funga mwisho wake kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa. Inua fimbo. Breki iwe inaachia kidogo kidogo chupa inaponyanyuka. Hiyo ni kilo moja na nusu, kipimo kizuri kwa mshipi wa kilo saba.

Huna haja ya kuchomoa fimbo kwa nguvu kama unang'oa muhogo. Kaza mshipi, inua fimbo, na umwache akimbie. Breki ikilia, usizungushe rili, unausokota mshipi tu. Akisimama, inua fimbo taratibu, kisha ishushe huku ukizungusha. Akielekea kwenye jiwe, laza fimbo upande wa pili umgeuze.

Mwishoni, usimnyanyue kwa fimbo ukutani. Fimbo nyingi hufia hapo, ikiwa imesimama wima na samaki ananing'inia. Ngoja wimbi, litumie limpandishe kwenye mchanga, au shuka umchukue kwa kitambaa kilicholowa. Asiyefika ukubwa wa chungu mrudishe haraka, mikono ikiwa imelowa.

Miiba, ndoana, na maji yanayokuja kwa nyuma

Pandu ana miiba mifupi mgongoni na karibu na tundu la haja, na ina sumu ya kuwasha. Ngogo ni mbaya zaidi, ana mwiba wa mgongoni na miwili ya pembeni. Mshike kwa plaizi au ukate mshipi. Ukichomwa, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha nenda ukaonwe na daktari, hasa uvimbe ukipanda. Bunju usimle, hata ukisikia fulani anajua kumtengeneza.

Vaa raba zinazofunika kidole. Kuna wadudu weusi wenye miiba kama sindano, kuna samaki mwenye sura ya jiwe, na wote wanakaa hapo hapo unapotaka kukanyaga. Miwani ya jua nayo ivae. Chuma cha gramu 15 kikinasuka ghafla kwenye mwamba kinarudi usoni kwako kama risasi. Ndoana ikizama mwilini mpaka kijino, usiivute. Kata mshipi, funga isitikisike, nenda hospitali.

Nililofanya mwenyewe ni la kijinga zaidi. Maji yalikuwa yamekupwa, nikatembea juu ya mwamba hadi ukingoni kabisa, kama mita mia mbili, nikavua vizuri. Mbele yangu maji yalikuwa bado magotini. Nilipogeuka, ule mfereji niliouvuka kwa kuruka ulikuwa kifuani. Bahari haikujii kutoka mbele peke yake. Inajaza mifereji ya nyuma yako kwanza, huku wewe umesimama juu ya kilima. Nilivuka fimbo juu ya kichwa, simu imekufa mfukoni. Siku hizi nikienda mbali ninaweka kengele ya simu ilie maji yakianza kugeuka, na ikilia naondoka hata kama wanashika.

Radi ikisikika, kokote, laza fimbo na uondoke. Kaboni inapitisha umeme.

Ruhusa na majirani

Si kila ufukwe ni wa kuvua. Bongoyo na Mbudya, hapo mbele ya Dar, ni maeneo tengefu. Kenya ina hifadhi za bahari za Mombasa, Watamu, Malindi na Kisite. Zanzibar ina sheria yake ya uvuvi na mamlaka yake. Ofisi ya uvuvi ya wilaya au BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha ufukwe husika, watakuambia kama unahitaji leseni na wapi usiguse. Kuwauliza kuna faida ya pili: hao ndio wanaojua samaki walipo.

Waliokutangulia na nyavu, madema au mshipi wa mkono wana haki ya mahali pao. Amkia, uliza, kaa mbali na mtupo wao. Jumamosi jioni watoto wakiwa wanaogelea, hapo hapafai. Mshipi ulionasa usiuache kwenye mwamba, kata unachoweza kufikia uende nao nyumbani, kwa sababu utanasa mguu wa ndege au wa mtoto.

Ukirudi

Chumvi hailali. Kaza breki kidogo ili maji yasiingie ndani, mwagia rili na fimbo maji baridi ya bomba kwa upole, kama unamwosha mtoto. Ukiipiga kwa kasi ya mpira unasukuma chumvi ndani zaidi. Futa, kisha legeza breki kabisa na uanike kivulini. Vyambo vitie kwenye bakuli la maji, uvikaushe kabla ya kuvirudisha kwenye kopo, maana ndoana moja yenye kutu inaambukiza kopo zima. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mshikio wa kiwaya na kwenye kile kigurudumu kidogo kinachopitisha mshipi. Kata mita moja ya mwisho ya mshipi iliyokwaruzwa na mawe, na ufunge upya usiku huo huo, ukiwa umekaa kwenye kiti na taa inawaka.